Masta silinda ikivuja, usiongeze oili ukaondoka

Ukiingia Ipagala kutoka barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam, unaiona Dodoma mpya: nyumba zinazopanda, bodaboda zisizokwisha, maduka ya saruji na nondo, na magari madogo yaliyoshushwa bandarini juzi tu. Lakini kwenye gereji za chini ya miti bado utakuta gari ambalo umri wake unamzidi fundi anayelitengeneza. Ni Land Rover 109. Bodi yake ya aluminiamu imebonyea kila upande, chasisi imechomelewa mara nyingi, na injini bado inawaka. Wenyewe hawakuliweka liwe pambo. Linakwenda shambani, linabeba alizeti na mapipa ya maji, linarudi mjini na mbuzi.

Gari la kale lina maradhi mengi ya uzee, na mengi kati yake hayaui. Betri ikichoka, mtasukuma. Rejeta ikivuja, mtajaza maji na kupumzika njiani. Ila lipo tatizo moja ambalo dereva hulizoea upesi, nalo ndilo la kuogopwa: masta silinda ya breki inayovuja. Asubuhi dereva anafungua kikopo, anakuta oili ya breki imeshuka, anaongeza, anaondoka. Kesho anaongeza tena. Baada ya muda ananunua chupa ya kukaa nyuma ya kiti, na kuongeza oili kunakuwa sehemu ya safari kama kuwasha injini. Kwa kuwa gari bado linasimama, shida inaonekana ndogo.

Tabia hiyo ikome. Masta inayovuja haitibiwi kwa chupa ya oili. Inafunguliwa na kutazamwa ndani, na hali ya chuma chake ndiyo iamue kama itatengenezwa au itabadilishwa. Mfuko wa mwenye gari usiwe mwamuzi.

Gari lililokuja kufanya kazi

Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani Aprili 30, 1948, katika maonesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Wakati huo huo, huko Kongwa, mashariki mwa mji wa Dodoma, Serikali ya Uingereza ilikuwa katikati ya mradi wake mkubwa wa karanga. Mradi ulianza mwaka 1947 kwa mitambo mizito, yakiwamo matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Ulifutwa mwaka 1951. Udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikutosha, mitambo iliharibika na spea zilikuwa mbali. Tangu wakati huo nyanda za kati zimekuwa zikiwafundisha wenye magari somo lile lile: mashine ya huku inahitaji fundi aliye karibu na matunzo yasiyoahirishwa.

Land Rover ilidumu kwa sababu ilikubali matunzo ya namna hiyo. Ilikuwa rahisi kufungua na rahisi kufunga. Kwa miongo kadhaa ndilo lililokuwa gari la mkuu wa wilaya, bwana shamba, daktari wa mifugo, padri na askari wa wanyamapori. Toleo la Series II lilitoka mwaka 1958, Series IIA likafuata mwaka 1961, na Series III likatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani takribani sentimita 277. Toleo fupi lilikuwa na inchi 88. Mwaka 1983 ikaja 110, yenye breki za diski mbele, ambayo baadaye ilipewa jina la Defender. Ya mwisho ya ukoo huo ilitoka kiwandani Uingereza Januari 29, 2016.

Mapenzi ya Watanzania kwa magari haya yalionekana wazi Oktoba 2024, pale tamasha la Land Rover lilipokusanya Arusha mamia ya magari hayo, mapya na ya zamani, kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia. Ilikuwa sherehe ya haki. Gari lililojenga nchi linastahili heshima, na heshima ya kwanza ya gari linalotembea ni breki zake.

Nguvu ya mguu inavyofika kwenye gurudumu

Msingi wa breki za oili uliwekwa na mwanasayansi wa Kifaransa, Blaise Pascal, katika karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungwa pande zote, shinikizo lile lile linasambaa kila mahali ndani yake. Mwaka 1917 Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za namna hiyo, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ikaziweka kwenye magurudumu yote manne ya gari lake la kuuzwa. Kabla ya hapo magari mengi yalisimamishwa kwa nyaya na vyuma vya kuvutana, ambavyo havikuwahi kuvuta sawasawa kulia na kushoto.

Masta silinda ndiyo moyo wa mfumo huo. Inafanya kazi kama bomba la sindano: kuna mrija laini wa chuma, ndani yake piston, na kwenye piston mipira miwili. Mpira wa mbele ndio unaosukuma oili kwenda magurudumuni. Mpira wa nyuma unazuia oili isirudi upande wa pedali. Juu ya mrija kuna kitundu kidogo sana kinachounganisha silinda na kikopo cha oili. Ukiachia pedali, springi inarudisha piston, kitundu kinafunguka, na oili inapumua.

Hesabu ndogo itaonesha mzigo unaobebwa na mipira hiyo. Tuchukue mfano wa dereva anayekanyaga kwa nguvu ya kilo 30, na mkono wa pedali unaizidisha mara tano. Piston inasukumwa kwa nguvu ya kilo 150. Ikiwa kipenyo chake ni inchi moja, eneo lake ni kama sentimita za mraba tano, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya oili inabanwa kwa kilo 30 hivi. Tairi la gari dogo huwa na upepo wa kama kilo mbili kwa eneo hilo hilo. Mpira usiozidi upana wa sarafu unazuia shinikizo linalolizidi la tairi kama mara 15, kila unapokanyaga, mwaka baada ya mwaka.

Kwenye Land Rover nyingi za zamani, masta hiyo ina chumba kimoja tu kinacholisha magurudumu yote manne. Magari ya baadaye yana vyumba viwili, ili kimoja kikifeli kingine kibakize angalau magurudumu mawili. Series III za mwisho ziliwekewa mfumo huo wa njia mbili, lakini nyingi zilizotangulia hazina. Mpira wa mbele ukipasuka, breki ya mguu inatoweka mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Wengi hujiliwaza kwa handbreki. Wajue kuwa handbreki ya magari haya haishiki magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya gearboksi, inayoshika shafti ya kwenda ekseli ya nyuma. Ilikusudiwa kulizuia gari lililokwisha simama. Na shafti ya ndani ya ekseli ya nyuma ikikatika, jambo linalojulikana sana kwa Land Rover za zamani, handbreki hiyo haishiki kitu.

Dalili zinazosema kabla ya ajali

Masta haifi bila kuaga. Inatoa dalili, na kila dalili ina maana yake.

Ya kwanza ni unyevu. Kwenye Series II na III masta imefungwa kwenye kisanduku cha pedali, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Mpira wa nyuma ukichoka, oili hufuata fimbo ya pedali na kushuka miguuni mwa dereva. Rangi hubabuka pale inapopita, kwa sababu oili ya breki hula rangi. Ukiona chuma kimebaki kitupu chini ya kisanduku cha pedali, uvujaji huo si wa jana.

Ya pili ni pedali inayozama. Washa gari, simama mahali tambarare, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani na usiachie. Pedali ikiteremka polepole hadi karibu na sakafu huku hakuna tone linaloonekana nje, mpira wa mbele umeshindwa: oili inapita pembeni yake na kurudi kwenye kikopo. Hii ndiyo inayowahadaa wengi, kwa kuwa kikopo kinabaki kimejaa.

Ya tatu ni breki inayoshika baada ya kupampu mara mbili au tatu. Hapo kuna sababu zaidi ya moja: huenda ni upepo ndani ya mabomba, huenda viatu vya breki vimelika na vinahitaji kukazwa, na huenda ni masta yenyewe. Fundi mzuri hukagua vyote kabla ya kutaja spea.

Ya nne ni breki inayong'ang'ania. Gari linakuwa zito, dramu zinachemka, na ukisimama muda mfupi linakuwa huru tena. Mara nyingi piston hairudi hadi mwisho, kile kitundu kidogo hakifunguki, na oili iliyopata joto inatanuka bila pa kwenda.

Usisahau magurudumu. Kila gurudumu lina silinda yake ndogo, na 109 ina mbili kwa kila gurudumu la mbele. Tope jeusi lenye mafuta ndani ya dramu, au mstari wa unyevu upande wa ndani wa tairi, ni ushahidi kuwa oili inapotelea huko.

Kwa nini mipira inakufa

Adui wa kwanza ni maji. Oili ya breki ya kawaida, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hufyonza unyevu wa hewani. Ikiwa mpya, DOT 4 inapaswa kustahimili joto la angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishafyonza maji, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Kwa DOT 3 ni nyuzi 205 na 140. Oili ikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo pedali inazama kwenye mteremko, pale pale unapoihitaji. Maji hayo hayo yanaota kutu ndani ya silinda. Dodoma ni kavu kwa miezi mingi, na wengi hudhani hatari hiyo ni ya watu wa pwani. Lakini chupa iliyoachwa wazi msimu mzima wa mvua, au oili isiyobadilishwa kwa miaka, itafyonza unyevu hapa kama kwingine.

Adui wa pili ni vumbi. Kikopo kinapofunguliwa kila asubuhi bila kufutwa, mchanga mwembamba wa nyanda hizi unaingia na kuwa msasa kati ya mpira na chuma. Anayeongeza oili kila siku anaongeza na mchanga.

Wa tatu ni gari kukaa. Land Rover iliyoegeshwa miezi mingi huacha piston mahali pamoja, na mbele yake panaota kutu. Siku fundi anapoanza kutoa upepo kwa kukanyaga pedali hadi sakafuni, mpira unapita juu ya eneo hilo bovu na kuchanika. Mwenye gari husema masta ilikuwa nzima hadi ilipoguswa, kumbe iliguswa ikiwa imekwisha kufa.

Adui wa nne ndiye mbaya kuliko wote kwa kuwa ni mkono wa binadamu: kutia kisichotakiwa. Mafuta ya injini, hidroliki ya usukani, dizeli na mafuta yoyote yatokanayo na petroliamu huifanya mipira ya breki ivimbe na kulainika. Gari likishawekewa hayo, kubadilisha masta pekee hakutoshi. Mipira yote ya mfumo, pamoja na ile ya magurudumuni na mabomba ya mpira, inapaswa kutolewa, na mabomba ya chuma yasafishwe. DOT 5 ya silikoni nayo isichanganywe na DOT 3 wala DOT 4, hata kama namba zake zinafuatana.

Kutengeneza au kubadilisha

Hapa ndipo mabishano ya gereji huanza. Mwenye gari anataka mipira tu kwa sababu ni nafuu. Muuza spea anataka kuuza masta nzima. Anayepaswa kusikilizwa ni mrija wenyewe.

Masta ifunguliwe, ioshwe kwa spiriti au oili safi ya breki, ipanguswe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha itazamwe kwa tochi. Kama ndani panang'aa na ni laini, au pana madoa mepesi tu yanayotoka kwa kusuguliwa taratibu, seti mpya ya mipira inatosha. Kama kuna vishimo vya kutu au mikwaruzo ambayo ukucha unakwama, mipira mipya haitaokoa kitu. Itafanya kazi wiki chache, kisha chuma kile kile kitaichana. Kusugua sana ili kuvimaliza vishimo nako ni kosa, kwa sababu kunapanua mrija na mpira unakosa kubana.

Ikifikia hapo, njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua masta mpya. Ya pili, kwa gari ambalo masta yake halisi haipatikani, ni kumpelekea fundi wa kukereza vyuma apanue mrija na kuingiza bushi ya shaba au chuma kisichoshika kutu, kwa kipenyo kile kile cha awali. Ni kazi ya vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita, na kile kitundu kidogo lazima kitobolewe upya mahali pake bila kuacha ncha kali itakayokata mpira. Fundi asiyeweza kupima kwa uhakika huo asipewe, hata kama ana mashine.

Anayenunua masta mpya aende na ya zamani mkononi. Land Rover za Series ziliwekewa masta za aina tofauti kulingana na mwaka, urefu wa gari na kama lina busta ya breki. Kipenyo kikikosewa, pedali itakuwa ngumu kama jiwe au itakwenda mbali bila kuuma. Spea zinapatikana Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, Arusha kwa sababu ya magari ya utalii, na Nairobi kwenye Barabara ya Kirinyaga. Kwa mkazi wa Ipagala umbali umepungua mno: kifurushi kinasafiri kwa basi, na tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) imeisogeza Dar es Salaam kwa saa chache. Kisingizio cha spea kuwa mbali, kilichoiangusha mitambo ya Kongwa, hakina nguvu tena.

Linalobaki ni spea feki. Mpira wa breki usio na jina la mtengenezaji, wenye harufu kali, kingo zisizo sawa au boksi lenye maandishi yaliyokosewa, uache dukani. Bei ndogo ya mpira huo ni mkopo unaolipwa barabarani.

Kazi yenyewe

Gari lisimame tambarare na magurudumu yakingwe mbele na nyuma. Eneo la kikopo na nati za paipu lisafishwe kwanza, kisha oili inyonywe kwa bomba la sindano. Nati ya paipu ilegezwe kwa spana maalumu ya paipu, kwa maana spana ya kawaida huila pembe na kuleta hasara nyingine. Mdomo wa paipu uzibwe mara moja. Mafundi wengi huona nafuu kutoa kisanduku chote cha pedali na kuifungua masta mezani.

Mezani, vifaa vipangwe kwenye kitambaa safi kwa utaratibu ule ule vilivyotoka. Picha ya simu inasaidia. Mipira mipya ichovywe kwenye oili mpya ya breki kabla ya kuingizwa, na mdomo wa mpira wa mbele uelekee kule oili inakosukumwa. Ukigeuzwa hautabana kamwe. Grisi ya chasisi isikaribie hapo, na petroli isitumike kuoshea.

Masta ikisharudi mahali pake, fimbo ya pedali irekebishwe ibaki na nafasi ndogo kabla haijagusa piston, kama milimita moja na nusu. Wengi huiondoa nafasi hiyo wakidhani wanaipandisha pedali. Matokeo yake ni kile kitundu kuzibwa na breki kung'ang'ania hadi dramu zinachemka. Pedali inapandishwa kwa kukaza viatu vya breki kwenye magurudumu, tena kabla ya kutoa upepo.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili wanaosikilizana. Mmoja anakanyaga taratibu na kushikilia, mwingine anafungua skrubu ya gurudumu, anaacha oili na mapovu yatoke kwenye mpira uliozamishwa chupani, anafunga, ndipo wa kwanza anaachia. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa gari la usukani wa kulia, hilo ni gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto na mwisho mbele kulia. Kikopo kisiachwe kikauke katikati ya kazi, na oili iliyotoka isirudishwe.

Kisha lije jaribio. Kanyaga kwa nguvu na ushikilie dakika nzima. Pedali isishuke hata kidogo. Kagua kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Endesha uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, simama mara kadhaa, ndipo utoke barabarani. Na baada ya siku chache rudi ukague magurudumu, kwa sababu masta mpya yenye nguvu hufichua silinda ndogo zilizokuwa zimechoka.

Mambo mawili ya afya yasipuuzwe. Viatu vya breki vya magari ya zamani vingi vilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona. Dramu isipulizwe kwa kompresa. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Pia oili ya breki ni sumu. Isihifadhiwe kwenye chupa ya maji au soda ambayo mtoto wa gereji anaweza kuinywa.

Milima inayouliza maswali

Ndani ya mji, Dodoma ni tambarare, na tambarare husamehe. Gari lenye breki za kupampu linaweza kuzunguka kati ya Ipagala na Sabasaba mwezi mzima bila tukio. Lakini barabara zitokazo Dodoma zinaelekea kwenye miteremko. Kwenda Manyoni kuna kingo za Bonde la Ufa baada ya Bahi. Ukiendelea kwenda Igunga kuna mteremko wa Sekenke. Kwenda Iringa kupitia Mtera kuna mteremko wa Nyang'oro. Huko masta inaulizwa maswali ambayo mjini haikuulizwa.

Mkoa huu unajua gharama ya breki. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kilima cha Igandu ilirudi nyuma bila breki hadi ikaigonga treni ya mizigo, na watu 281 walipoteza maisha. Februari 24, 2024, huko Ngaramtoni mkoani Arusha, lori lililofeli breki liligonga magari mengine na watu 25 walifariki. Treni na malori makubwa hutumia breki za upepo, tofauti na hizi za oili, lakini wengi wa waliokufa hawakuwa wenye vyombo wala waliovitunza. Walikuwa abiria na wapita njia. Ndiyo maana breki haiwezi kuwa siri ya mwenye gari na mfuko wake.

Anayekutwa na balaa hilo mteremkoni apampu pedali haraka, ashushe gia moja baada ya nyingine ili injini ilizuie gari, avute handbreki kidogo kidogo, na aelekeze gari upande wa ukingo wa juu badala ya bondeni. Walakini mwenye busara huingia gia nzito kabla mteremko haujaanza, na hasafiri na masta inayotoa machozi.

Kila mmoja na wajibu wake

Wamiliki wa magari ya kale wabadilishe oili ya breki kila baada ya miaka miwili hata kama gari linakaa, na wanunue chupa iliyofungwa. Mafundi wakatae kazi ya mipira juu ya mrija ulioliwa na kutu, na wamwoneshe mteja chuma hicho kwa tochi aone mwenyewe. Wafundishe vijana wao sababu ya kila hatua, kwa kuwa wengi wanajifunzia kazini, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, yenye chuo hapa hapa Dodoma, iwapokee mafundi hao kwa kozi fupi za breki pasipo kuwalazimu kuanza upya. Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani wazifuate spea feki za breki hadi madukani, wakianza na mipira, ambayo ni midogo na rahisi kupenyezwa. Askari wa usalama barabarani, katika Wiki ya Nenda kwa Usalama na nje ya wiki hiyo, wakanyage pedali na kushikilia dakika moja kabla ya kubandika stika.

Nawe mwenye Land Rover uliyerithi kwa baba au uliyoinunua kwa jasho, fungua boneti leo. Tazama kikopo, tazama chini ya pedali, kanyaga na uhesabu hadi 60. Ikiteremka, gari lisitoke. Mpigie fundi wako aje hapo hapo lilipo.